Kikundi cha Mafundi Mbao Kisitawanyike Karantini Ikiingia: Hatua kwa Hatua

Kila zinapotoka habari za maradhi ya kuambukiza, simu yangu haipoi. Mwanzo ilikuwa korona. Mwaka 2022, Uganda ilipofunga wilaya za Mubende na Kassanda kwa ajili ya Ebola, nikaanza kupigiwa tena. Na Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, vivyo hivyo. Anayepiga ni fundi au katibu wa kikundi kama mimi, na maswali hayabadiliki. Je, tukifungua kundi la WhatsApp si yatosha? Vifaa tulivyoazimana tuvifanyeje? Na wazee wetu wenye kabambe, zile simu ndogo zisizo na WhatsApp? Nimeyajibu mara nyingi kwa simu, sasa nayaandika.

Kikundi chetu kiko Mombasa. Mwaka 2020 tulikuwa watu 23: maseremala wa kazi za kila siku, wachongaji wa nakshi, na wengine wanaopenda tu kushika randa baada ya shughuli zao. Tulikutana kila Jumamosi saa nne asubuhi katika ua wa mwenzetu mmoja, chini ya mwembe. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8 kaunti ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mei 6, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake, na wenzetu tisa walikuwa ndani. Nasi tulianza kama kila mtu: tukafungua kundi la WhatsApp, tukasalimiana, tukaombeana dua. Wiki ya tatu lilikuwa limejaa video za kupiga chafya na dawa za vitunguu, na mafundi wenyewe wamenyamaza.

Kilichotuokoa ni kurudisha kazi katikati. Fundi huja kikundini kuona mkono wa mwenzake na kuonyesha wa kwake. Ukimwondolea hilo ukamwachia salamu tu, atapotea, na hutamlaumu. Hatua zote hapa chini zinarudi pale pale.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Vitu vyenyewe si vya gharama. Tafuta:

- Daftari mbili za karatasi: moja ya watu, moja ya vifaa. Usitegemee simu, simu huibiwa na huanguka majini.
- Watu watatu waliokubali kazi kwa hiari yao: mratibu, mweka hazina, na mpiga simu. Huyu wa tatu ndiye muhimu kuliko wote, tutamfikia.
- Simu moja yenye kamera nzuri kiasi, hata kama ni ya kuazima kwa mtoto.
- Sabuni ya kawaida, vitambaa vikavu, na chupa ya mafuta ya cherehani.
- Barakoa za kitambaa au za hospitali. Zile za vumbi zenye kidude cha kupumulia mbele nitazisema baadaye.
- Mbao kidogo kwa kila mtu. Vipande vinatosha.

Na jambo moja la kujua kabla ya yote: maradhi haya yanapita wapi? Korona huenda zaidi kwa hewa ya pumzi, kwa hiyo tatizo ni kukaa pamoja mahali pasipo na upepo. Ebola na Marburg hupita kwa kugusana na majimaji ya mgonjwa au ya maiti. Hapo hakuna kuzungusha kifaa chochote kutoka nyumba yenye mgonjwa, hata kikioshwa vipi. Kipindupindu hupita kwa maji na chakula, basi ndoo ya maji ya kunywa ya kikundi ndiyo ya kuiangalia. Sikiliza wizara ya afya inasema nini kuhusu ugonjwa ulioko, kisha zirekebishe hatua hizi. Kuiga za korona kwa kila ugonjwa ni kosa.

Hatua ya 1: Andika watu

Katika daftari la kwanza, kila mwanachama apewe ukurasa wake. Andika jina, nambari, aina ya simu (kubwa au kabambe), anakoishi, kazi aifanyayo, na mtu wa nyumbani kwake wa kupigiwa yeye asipopatikana. Andika pia ana vifaa gani nyumbani. Usidhani unajua. Sisi tuligundua kwamba saba kati yetu hawakuwa na meza ya kazi wala jiriwa ya kubania ubao. Kazi zao zote walizifanyia kwenye ule ua wa Jumamosi. Hawa ndio wangepotea kwanza, na hakuna aliyekuwa akilifahamu hilo.

Kisha wapange watu wawili wawili. Tuliita mapacha. Kila mtu humjulia hali pacha wake kila siku, hata kwa kumbipu. Sababu ya kwanza ni ugonjwa. Ya pili ni ajali: fundi aliyezoea kufanya kazi kati ya watu sasa yuko peke yake na msumeno wa umeme. Akijikata, nani atajua? Kabla ya kuwasha mashine, mwambie pacha wako; ukimaliza, mwambie umemaliza.

*Tahadhari:* usimpange kijana na kijana, mzee na mzee. Changanya. Mzee mwenye kabambe apewe pacha wa karibu naye, mtaa mmoja ikiwezekana.

Hatua ya 2: Ishike saa ile ile

Kama mlikutana Jumamosi saa nne, basi mpigiane Jumamosi saa nne. Msibuni saa mpya kwa sababu "sasa watu wako nyumbani". Mwili umeshaizoea ile saa, na familia nayo imeizoea. Mkewe au mumewe anajua kuwa wakati huo ni wa ufundi.

Tulitumia Zoom ya bure, ambayo kikao cha watu kadhaa hukatika baada ya dakika 40. Watu walilalamika, lakini mimi naiona ni neema: dakika 40 zinatosha, na kila mtu anajua hakuna nafasi ya hotuba. Zigawe hivi: dakika tano za kujuliana hali, ishirini na tano za kazi, kumi za maswali. Kamera iwashwe na anayeonyesha tu, wengine wazime. Bando zao zitadumu na picha haitakwama.

Hamna uwezo wa Zoom? Simu ya sauti ya WhatsApp inatosha. Hata simu ya kawaida ya kuunganisha watu watatu inatosha. Kubwa ni saa.

Hatua ya 3: Tenga kundi la kazi na kundi la mengineyo

Fungueni makundi mawili. La kwanza ni la kazi: picha za mbao, sauti, maswali ya ufundi, basi. La pili ni la salamu, tanzia, dua na habari. Anayekosea hafokewi; mratibu anahamisha ujumbe kimya kimya na kumwandikia kando.

Habari za ugonjwa ziletwe na mtu mmoja tu. Kwetu alikuwa mwenzetu aliye muuguzi, ambaye hupenda kutengeneza vigoda. Kila jioni aliandika mistari mitatu: nini kimetangazwa, nini kimebadilika, nini si kweli. Video ya kupokezana ikifika, jibu ni moja: "Mngoje muuguzi wetu." Hii iliwatuliza watu kuliko chochote.

Hatua ya 4: Chagueni kazi moja ya mwezi

Hapa ndipo kikundi kinapopona au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kazi ya mwezi ni kitu kimoja ambacho kila mtu anatengeneza kwake, kwa mbao alizonazo, ndani ya mwezi ule ule. Sifa zake ni tatu. Kiwe kidogo, kisizidi ubao mmoja. Kiwezekane kwa vifaa vya mkono. Na kiwe na sehemu moja ngumu ambayo hata mzoefu ataiheshimu.

Aprili tulianza na mwiko wa pilau, tukakosea: wazoefu waliumaliza kwa saa moja, wakawa hawana la kusema. Mei tukachagua marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, na hapo kikundi kikaamka. Marufaa hutoka kwenye ubao mmoja, bila gundi, bila msumari, bila bawaba ya dukani. Bawaba yenyewe unaichonga ndani ya ubao: unapima vidole vitano katikati, unavikata kwa patasi, kimoja kutoka upande huu na kinachofuata kutoka upande wa pili, kisha unaupasua ubao kwa msumeno kwa unene wake kutoka kila ncha mpaka kwenye vidole. Ukikosea kwa unene wa penseli, hakifunguki, au kinafunguka kikiwa vipande viwili. Wakristo wetu walikitengeneza kwa ajili ya Biblia, na mmoja kwa kitabu cha mapishi cha mama yake. Wenzetu waliofungiwa Mji wa Kale walikuwa mbele ya sote. Usiku wa Ramadhani ulikuwa mrefu na hakuna pa kwenda.

Baada ya hapo tulifanya mbuzi wa kukunia nazi, kwa ajili ya ile miguu inayopishana na kukunjika, kisha kisanduku chenye pembe za mkia wa njiwa, zinazofungana kwa meno yaliyopanuka nchani. Mbao zilikuwa za kila aina: mwarobaini, mwembe, vipande vya mvule vilivyobaki kwenye kazi, paini ya makreti. Msilazimishe mti mmoja. Kuona kazi ile ile kwenye mwarobaini na kwenye paini ni somo tosha.

*Tahadhari:* msifanye mashindano ya nani bora. Tulijaribu mara moja na wanagenzi wanne wakaacha kutuma picha.

Hatua ya 5: Pigeni picha tano, zile zile kwa kila mtu

Picha ya kazi ya mbao hudanganya sana. Kiungo, yaani pale mbao mbili zinapoungana, kikipigwa picha kutoka juu kwenye mwanga wa jua kinaonekana kimebana, kumbe nyuma unapitisha shilingi. Kila anayetuma atume picha hizi:

1. Kitu chote, kimewekwa mezani karibu na dirisha, mwanga ukipita ubavuni. Mwanga wa ubavuni hufichua kila mkwaruzo wa randa.
2. Kiungo kwa karibu, na futi imelazwa kando ili ukubwa ujulikane.
3. Kiungo kimeinuliwa mbele ya mwanga. Panapovuja mwanga ndipo penye kosa.
4. Guni, kile kipimo cha pembe mraba, limewekwa kwenye pembe.
5. Kosa lenyewe. Kila mtu, hata bingwa, anyooshe kidole mahali alipokosea.

Hiyo ya tano ndiyo iliyowafungua midomo wanaojifunza. Fundi wa miaka thelathini alipotuma picha ya kidole cha bawaba kilichomvunjikia, akaandika "patasi ilikuwa butu, nikalazimisha," siku hiyo tulipata picha kumi na moja za makosa.

Kwa video, egemeza simu kwenye kopo la vanishi, iwe imelala, ionyeshe mikono, isizidi nusu dakika. Usiseme huku unakata. Eleza baadaye kwa sauti.

Hatua ya 6: Wenye kabambe wafikiwe kwa sauti

Mpiga simu sasa ana kazi. Kila Ijumaa anawapigia wote wasio na simu kubwa, mmoja mmoja, anawasomea yaliyojiri na kuwauliza la kusema. Anachoambiwa anakiandika, Jumamosi anakisoma mbele ya wote kwa jina la aliyesema, kabla hata ya mratibu kuzungumza.

Maalim wetu, mchongaji wa milango aliyepita miaka sabini, alikuwa na kabambe iliyofungwa kwa mpira wa mkononi. Nilidhani tutampa salamu tu. Jumamosi moja kijana mmoja alilalamika kwamba randa yake inaruka juu ya ubao. Akapigiwa Maalim. Mzee akamwambia, "Iweke simu juu ya meza, karibu na jiriwa, upige randa nikusikie." Kijana akapiga. Sauti ikaja imekatika: kra, kra, kra. "Hiyo ni butu," akasema, "na ulimi wake umeutoa mno. Nenda kanoe, uurudishe ndani, urudi." Baada ya robo saa kijana akapiga tena, na sote tukasikia sauti moja ndefu laini, kama mtu anavuta shuka. Maalim akasema, "Eeh. Sasa waiacha irande yenyewe."

Tangu hapo tulikuwa na somo la masikio kila wiki mbili. Jaribuni. Randa kali hutoa sauti moja isiyokatika. Butu, au iliyotolewa ulimi (chuma chake cha kukatia) kupita kiasi, huruka na kukwaruza. Patasi ijaribuni kwenye kichwa cha ubao wa paini: ikiwa kali hukata kimya na kuacha uso unaong'aa, ikiwa butu husaga, na uso hubaki mweupe wenye nyuzi zilizong'olewa. Msumeno uliopinda njia hubadilisha mlio kabla jicho halijaona. Haya yote hupita kwenye simu ya bei rahisi kabisa.

Hatua ya 7: Zungusheni vifaa kwa utaratibu

Daftari la pili linaanza hapa. Kila kifaa kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mwingine kiandikwe: kifaa gani, cha nani, kimetoka lini, kiko kwa nani, hali yake. Aliyepokea atume picha ya makali siku hiyo hiyo, ugomvi usije baadaye.

Kusafirisha: patasi na ulimi wa randa vifunikwe makali. Chukua kipande cha mpira wa kumwagilia maji, kipasue kwa urefu, kivishe kwenye makali, funga kwa kamba. Mpe bodaboda mmoja mnayemwamini, mlipe kwa simu, akiache mlangoni. Sisi tulikwepa kukabidhiana vifaa kwenye kivuko cha Likoni kwa sababu ya msongamano.

Kusafisha: mwaka 2020 tulikuwa tukikilaza kila kifaa siku tatu kabla ya kukigusa, kwa kuwa utafiti wa mwanzo ulionyesha virusi vya korona huweza kudumu hadi saa 72 juu ya plastiki na chuma kisichoshika kutu. Baadaye ikabainika kwamba kuambukizwa kwa kugusa vitu ni nadra ukilinganisha na hewa. Kwa korona, basi, kuosha kunatosha: pangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kausha hapo hapo, paka mafuta ya cherehani kidogo, nawa mikono.

*Tahadhari, na hizi nazisema kwa uchungu:*

- Usitie chuma kwenye dawa ya klorini. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliloweka patasi sita usiku kucha kwenye ndoo ya klorini. Asubuhi zilikuwa za rangi ya chungwa, na baada ya kusugua tukakuta vijishimo kwenye makali. Mbili hazikupona.
- Sanitaiza huyeyusha shelaki, ile aina ya vanishi. Mpini au kazi iliyopakwa shelaki usiipanguse kwa sanitaiza, itanata kama gundi.
- Sanitaiza hushika moto. Mikono ikauke kabisa kabla ya kuwasha jiko la gundi au kusogelea cheche.
- Mashine ya betri: toa betri kwanza, pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa, usinyunyize kitu kwenye matundu ya upepo.

Hatua ya 8: Nunueni mbao pamoja

Mbao zilikuwa ghali hata kabla ya korona, maana tangu Februari 2018 serikali ilikuwa imesimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ilidumu mpaka 2023. Kila mtu akienda peke yake kununua futi kumi, analipa zaidi na anaingia katika umati bure. Kusanyeni mahitaji yote, mtu mmoja aende mara moja kwa mwezi.

Anayenunua awatumie wengine picha za vichwa vya mbao kabla ya kulipa, kwa kuwa nyufa huanzia vichwani. Awatumie pia picha ya ubao umeangaliwa kwa urefu, jicho likiwa kwenye ncha, ionekane kama umepinda. Ubao mbichi utaujua kwa uzito na ubaridi wake ukiuweka shavuni. Huku pwani, hata mbao kavu inyonye hewa ya nyumbani kwako wiki mbili kabla hujaikata, imelazwa juu ya vijiti ili upepo upite chini.

Hatua ya 9: Mfuko wa kusaidiana

Wateja walipopotea, maseremala wetu wa kazi za kila siku waliumia kuliko sote. Tulichanga shilingi 50 kwa wiki kwa mwenye uwezo, kupitia M-Pesa. Wakati ule kutuma shilingi 1,000 au chini yake kulikuwa bure, tangu Machi 17 mpaka mwisho wa 2020. Baadaye makato yakarudi kwa kutuma zaidi ya shilingi 100, kwa hiyo angalieni makato kabla ya kupanga mchango utumwe mara ngapi. Mweka hazina aandike kila kilichoingia na kutoka, lakini jina la aliyesaidiwa abaki nalo yeye na mratibu tu. Fundi ana heshima yake mtaani.

Hatua ya 10: Kukutana tena, kidogo kidogo

Amri zikilegezwa msirudi wote siku moja. Anzeni watano, nje, penye upepo. Wazee na wenye maradhi ya kifua waje mwisho, na wapigiwe simu siku hiyo ili wasihisi wameachwa.

Ile barakoa ya vumbi yenye kidude mbele inamkinga aliyeivaa, lakini pumzi yake inatoka nje bila kuchujwa. Kati ya watu, vaeni isiyo na kidude. Na zimeni mashine kabla ya kuzungumza. Fundi akiongea juu ya mlio wa mashine hupaza sauti na kumsogelea mwenzake sikioni. Pumzi humtoka nyingi, na kwa karibu. Kila mtu awe na penseli yake na futi yake.

Mkikwama

*Kundi limenyamaza.* Angalia kazi ya mwezi: ni rahisi mno au ni ngumu mno. Ibadilishe. Kisha mpigie simu aliyenyamaza kwa muda mrefu zaidi, umwombe akuonyeshe jambo moja alijualo. Usiandike "mbona kimya" kundini, haijawahi kusaidia.

*Mtu hana bando.* Mfuko umnunulie la Jumamosi. Au mwingizeni kwenye orodha ya mpiga simu, bila kumtangaza.

*Hana pa kufanyia kazi, au majirani wanalalamikia kelele.* Ubao mnene uliofungwa kwa klampu mbili kwenye meza ya jikoni ni meza ya kazi. Kuchonga nakshi, kunoa na kupiga msasa hakuna kelele. Kazi za nyundo ziwe mchana. Atandike mkeka chini ili maranda yakusanyike.

*Kifaa hakirudi.* Mpigie, usimwandikie. Mara nyingi kimevunjika na anaona haya. Amueni mapema kwamba kikundi kitachangia nusu ya kifaa kilichovunjika kikiwa kazini, na mtashangaa jinsi vingi vitakavyorejea.

*Wawili wamegombana kundini.* Maandishi hayana uso. Wapigiwe wote wawili na mtu mzima mmoja, watatu kwenye simu moja, siku hiyo hiyo.

*Mwenzenu amefariki.* Miezi ya mwanzo ya korona, mwaka 2020, mazishi yaliruhusiwa watu 15 tu. Amri kama hiyo ikitoka tena, wengi hawatafika. Pangeni nani atakwenda kwa niaba ya kikundi, wengine wapige simu nyumbani kwa zamu, siku moja watu wawili, familia isilemewe. Kuhusu vifaa vyake, mtu yeyote asiulize. Fungueni daftari. Maalim alipotutoka, daftari lilionyesha kwamba vitu vyake vinne vilikuwa mikononi mwetu: patasi mbili za nakshi, guni la mpingo, na randa ndogo. Tulivirudisha vyote kabla ya arubaini, vimenolewa, vimepakwa mafuta, vimefungwa kwa kitambaa kisafi. Andikeni makabidhiano hayo nayo daftarini, na tarehe, na aliyepokea atie sahihi.